Nyota Ikishalipuka, Kazi Ndipo Inapoanza

Neno "masalia" linapotosha. Ukilisikia, mawazo huenda moja kwa moja kwenye majivu na magofu, kitu ambacho shughuli yake imekwisha. Wanaastronomia walilichagua kwa sababu walikuwa wakitazama mahali palipokuwa na nyota na sasa hapana. Lakini kadiri darubini zilivyopata uwezo, ndivyo ilivyodhihirika kwamba mlipuko wenyewe, pamoja na mng'ao wake unaoweza kushindana na galaksi nzima, ni jambo la miezi tu. Masalia yake hudumu makumi ya maelfu ya miaka, na muda mwingi wa uhai huo yako kazini: yanachemsha gesi, yanavuruga nyuga za sumaku, na yanazisukuma chembe ndogo kuliko atomu hadi kwenye nishati ambazo hakuna mtambo wa binadamu uliowahi kuzifikia.

Chembe hizo ndizo habari ya makala haya. Vitabu vingi husema kwa mkato kwamba masalia ya supernova, yaani nyota iliyolipuka, ndiyo chanzo cha miale ya kosmiki, ile mvua ya chembe inayoinyeshea Dunia usiku na mchana kutoka pande zote za anga. Sentensi hiyo ni ya kweli kwa sehemu, na sehemu iliyobaki ndiyo inayowakosesha watafiti usingizi. Ili kuona ufa uko wapi, inabidi tuanzie kwenye mlipuko.

Ganda linalokimbia

Nyota hulipuka kwa njia kuu mbili. Ya kwanza ni ya nyota nzito, zenye uzito wa Jua mara nane au zaidi: fueli ya nyuklia ikiisha, kiini huporomoka kikawa nyota ya nutroni au shimo jeusi, na matabaka ya nje yakarushwa. Ya pili ni ya kibete cheupe, yaani kiini kilichobaki baada ya nyota ya kawaida kuzimika, ambacho kikipokea mada kutoka kwa nyota mwenzake, au kikiungana naye, hulipuka chote pasibaki kitu katikati. Masalia yaitwayo Cassiopeia A ni ya aina ya kwanza. Yale ya mwaka 1006, na ya mwaka 1572 aliyoyaona mwanaastronomia Tycho Brahe yakiwa bado nyota mpya angani, ni ya aina ya pili.

Kwa mambo tunayoyafuata hapa, tofauti hiyo si kubwa sana. Njia zote mbili hutoa takribani kiasi kilekile cha nishati ya mwendo: jouli zinazoandikwa kwa 1 na sifuri 44 mbele yake. Jua letu likiangaza kwa uhai wake wote wa miaka bilioni 10, litakuwa limetoa kiasi kinachokaribiana na hicho. Na kwa nyota nzito, hiyo ni asilimia moja tu ya hesabu nzima. Asilimia 99 huondoka kwa njia ya nutrino, chembe zinazopenya karibu kila kitu pasipo kugusa. Tarehe 23 Februari 1987, vitambuzi vilivyokuwa Japani, Marekani na Umoja wa Kisovyeti vilinasa nutrino kama dazeni mbili za mlipuko wa SN 1987A, uliotokea kwenye Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo jirani yetu, umbali wa miaka ya nuru 168,000 hivi. Nyingine zisizohesabika zilipita katikati ya sayari yetu zikaenda zao.

Ile asilimia moja ndiyo inayojenga masalia. Gesi ya nyota inakimbia nje kwa kilomita maelfu kwa sekunde, nayo inakuta gesi nyembamba mno iliyotanda kati ya nyota, atomu moja hivi katika kila sentimita ya ujazo. Ni tupu kuliko ombwe lolote la maabara, lakini kwa kitu kinachokwenda kasi namna hiyo, hata utupu una ukuta. Gesi inayosukumwa haipati nafasi ya kupisha, inarundikana, na mbele ya ganda linatokea wimbi la mshtuko.

Hapo pana jambo ambalo maelezo mengi huliruka. Hewani, wimbi la mshtuko hufanya kazi kwa sababu molekuli zinagongana. Kati ya nyota hazigongani. Protoni moja inaweza kusafiri umbali mrefu kuliko upana wa masalia yenyewe kabla haijagonga nyingine. Kinachozizuia ni uga wa sumaku. Gesi ile ni plazma, elektroni zake zimetengana na viini, na kila chembe yenye chaji inapinda pale uga unapoibana. Kwa hiyo "ukuta" wa masalia ni fundo la sumaku. Ukilishika hilo, yaliyobaki yanafuata.

Plazma ikipita kwenye wimbi hilo inapata joto la nyuzi milioni kadhaa hadi makumi ya milioni. Kitu chenye joto hilo hakiwaki kwa mwanga wa kawaida, bali kwa eksirei. Ndiyo maana darubini ya Chandra, iliyorushwa mwaka 1999, ilielekezwa Cassiopeia A katika picha zake rasmi za kwanza, na mara moja ikaonyesha kitone katikati ya ganda, nyota ya nutroni ambayo hakuna aliyekuwa ameiona. Katika eksirei hizo kuna mistari ya silikoni, salfa na chuma, kila elementi ikiwa na alama yake. Huko ndiko chuma kinakosambazwa kwenda kuunda sayari.

Nuru isiyo na halijoto

Ingekuwa hivyo tu, habari ingeishia kwenye gesi moto. Lakini mwaka 1995 yalichapishwa matokeo ya satelaiti ya Japani iitwayo ASCA, iliyokuwa imeyatazama masalia ya SN 1006, nyota ambayo tabibu Ali ibn Ridwan wa Kairo na waangalizi wa China waliandika habari zake ilipochomoza. Katikati ya masalia hayo palikuwa na eksirei za kawaida zenye mistari ya elementi. Kwenye kingo mbili zinazotazamana palikuwa na eksirei kali zaidi, laini kabisa, zisizo na mstari hata mmoja.

Nuru ya namna hiyo haitoki kwenye kitu chenye joto. Joto ni mgawanyo: chembe nyingi zina mwendo wa wastani, chache zina zaidi, na zenye mwendo wa kupindukia hazipo kabisa. Nuru ya kingo zile ilidai kuwapo kwa kundi dogo la chembe zilizojitenga na wenzao, chembe zisizoweza kupewa halijoto yoyote. Maelezo yalikuwa ni mionzi ya sinkrotroni: elektroni inayokwenda karibu na kasi ya nuru ikizungushwa na uga wa sumaku hutoa fotoni, yaani chembe za nuru, na kadiri elektroni ilivyo na nishati ndivyo fotoni inavyokuwa kali. Kufikia eksirei katika uga dhaifu wa anga, elektroni inahitaji makumi ya trilioni za elektronivolti, kipimo cha nishati ya chembe. Fotoni ya mwanga tunaouona kwa macho ina mbili au tatu.

Elektroni za kiwango hicho hazidumu. Zinamwaga nishati yao haraka, kati ya miaka michache na mia chache kutegemea nguvu ya uga. Kwa hiyo hazikuweza kutoka mbali, wala hazikuwa akiba ya siku ya mlipuko karibu miaka 1,000 kabla. Zinatengenezwa palepale, kwenye wimbi la mshtuko.

Namna zinavyotengenezwa ni kitu kizuri kukifikiria. Enrico Fermi alitoa wazo la mwanzo mwaka 1949, na kati ya 1977 na 1978 watafiti wa makundi manne, bila kutegemeana, waliliboresha likawa nadharia inayotumika hadi leo. Fikiria mpira unaodunda kati ya kuta mbili zinazosogeleana. Kila ukigonga ukuta unaokuja, unarudi na kasi zaidi. Katika masalia, kuta ni plazma ya mbele ya wimbi na plazma ya nyuma yake, na ukiwa upande wowote unaona ule wa pili ukikujia. Chembe inayovuka, ikapindishwa na vurugu za sumaku, ikavuka tena, inaongeza asilimia moja hivi ya nishati kwa kila mzunguko katika masalia machanga. Ongezeko ni dogo, lakini linajirudia mamia na maelfu ya mara.

Kila mzunguko baadhi ya chembe husombwa nyuma na kupotea. Chache hubaki na kupanda, chache kati ya hizo zikapanda tena. Ukikokotoa, matokeo ni mteremko ulionyooka: nishati ikiongezeka mara kumi, idadi ya chembe katika kila kipimo cha nishati hupungua takribani mara mia. Mteremko huo hautegemei nyota ilikuwa ya aina gani wala gesi ilikuwa nzito kiasi gani, na huo ndio uzuri wake. Miale ya kosmiki inayofika Duniani ina mteremko wa namna hiyo, ingawa mkali zaidi kidogo, kwa sababu zenye nishati kubwa hutoroka haraka kutoka kwenye galaksi yetu, Njia Nyeupe.

Hesabu iliyokaa vizuri kupita kiasi

Tarehe 7 Agosti 1912, Victor Hess alipanda kwa puto hadi zaidi ya mita 5,000 akiwa na vipima-mnururisho, akakuta mnururisho unaongezeka kadiri alivyopanda badala ya kupungua. Chanzo hakikuwa ardhini. Leo tunajua kwamba sehemu kubwa mno ya miale hiyo ni protoni, ikifuatiwa na viini vya heli, kisha viini vizito na elektroni kwa uchache. Tatizo lao ni lilelile linalozifanya ziweze kuongezewa kasi: zina chaji. Zikisafiri katika Njia Nyeupe zinapindishwa huku na huku na sumaku, hata protoni inayokufikia haina kumbukumbu ya ilikotoka. Kuuliza mwelekeo wake ni kazi bure.

Mwaka 1934 Walter Baade na Fritz Zwicky walipendekeza kwamba supernova ndizo zinazohusika. Baadaye ikaja hesabu iliyowashawishi wengi. Miale ya kosmiki huvuja kutoka kwenye galaksi baada ya mamilioni ya miaka, hivyo lazima kuwe na kitu kinachojaza pengo. Supernova hutokea katika Njia Nyeupe mara mbili au tatu kwa karne. Kama kila moja itatumia asilimia 10 hivi ya nishati yake ya mwendo kuzalisha chembe, pengo linajazika.

Kwa miongo mingi hesabu hiyo ilisimama badala ya ushahidi. Mimi huiona kama mtu mwenye pesa zinazotosha kununua kilichonunuliwa: inakwambia kwamba anaweza, haikwambii kwamba ndiye. Na eksirei za SN 1006, pamoja na uzuri wake wote, zilikuwa shahidi wa elektroni. Elektroni ni sehemu ndogo tu ya miale ya kosmiki. Protoni ni nzito karibu mara 1,800, hazing'ari kwa sinkrotroni kwa kiasi cha kuonekana, na hivyo zilikuwa zimekaa kimya.

Sauti ya protoni ni miale ya gamma, nuru yenye nishati kubwa kuliko eksirei. Protoni yenye kasi ikigonga kiini cha atomu iliyotulia huzaa chembe nyingi, zikiwamo pioni zisizo na chaji. Pioni hiyo haifiki mbali. Karibu papo hapo inavunjika na kuwa fotoni mbili za gamma. Gamma haina chaji, kwa hiyo inasafiri moja kwa moja. Ukiiona imetoka kwenye ganda, imetoka kwenye ganda.

Angahewa huzuia gamma zisifike ardhini, lakini kizuizi hicho kiligeuzwa kuwa chombo. Fotoni ya gamma yenye nishati ya trilioni ya elektronivolti ikiingia angani huanzisha maporomoko ya chembe, kilomita kama 10 juu, na chembe hizo zikienda kasi kuliko nuru inavyokwenda hewani hutoa mmweko wa buluu uliogunduliwa kwa mara ya kwanza na Pavel Cherenkov mwaka 1934. Mmweko unadumu sehemu chache tu za bilioni ya sekunde. Huko Namibia, kwenye nyanda za juu za Khomas, darubini za H.E.S.S. zenye vioo vya upana wa mita 12 zimekaa zikiusubiri mmweko huo katika usiku usio na mbalamwezi. Zilianza zikiwa nne, na mwaka 2012 ikaongezwa ya tano yenye kioo cha mita 28.

Mwaka 2004 zilitoa picha ambayo bado naiona kuwa miongoni mwa picha muhimu kabisa za fani hii: masalia ya RX J1713.7−3946, katika kundinyota la Nge, yakionekana kama ganda kamili kwa nuru ya gamma. Yana upana wa mara mbili wa Mwezi tunavyouona angani, na huenda ndiyo nyota ngeni waliyoiandika waangalizi wa China mwaka 393. Kabla ya hapo gamma za kiwango hicho zilikuwa vitone na mawingu yasiyo na umbo. Sasa palikuwa na ganda, na umbo lake lilifuata eksirei karibu hatua kwa hatua.

Washukiwa wawili, alama moja

Wengi walisema kesi imekwisha. Haikuwa imekwisha, kwa sababu elektroni nazo hutoa gamma. Ulimwengu wote umejaa nuru hafifu iliyobaki kutoka mwanzo wake, fotoni za mikrowevu zenye halijoto ya nyuzi 2.7 tu juu ya sifuri halisi. Elektroni yenye kasi ikiigonga fotoni mojawapo inaipa teke, na fotoni ile dhaifu inaondoka ikiwa gamma. Kwa hiyo gamma ya trilioni ya elektronivolti inaweza kuwa ya protoni iliyogonga gesi, au ya elektroni iliyogonga mikrowevu. Ukiitazama peke yake huwezi kuzitofautisha.

Kinachozitenganisha ni umbo la mteremko kwenye nishati za chini, na huko darubini za ardhini hazifiki. Ilibidi kusubiri satelaiti ya gamma iitwayo Fermi, iliyorushwa Juni 2008. Mwaka 2011 ilipotoa vipimo vyake vya RX J1713, gamma za chini zilikuwa chache mno. Hilo liliashiria elektroni, na waliokuwa wameshangilia mwaka 2004 walipoa.

Hapo ndipo mjadala ulipokuwa mtamu. Masalia yale yamezungukwa na mabonge mazito ya gesi ya molekuli. Wimbi la mshtuko linapita kati ya mabonge, linayaacha hayajavunjika. Protoni zenye nishati kubwa zinaweza kupenya ndani ya mabonge hayo na kugonga. Zile za chini zinazuiwa nje na vurugu za sumaku. Matokeo? Gamma za chini zinakuwa chache, kama zilivyo, na bado mhusika ni protoni. Mwaka 2021 watafiti walilinganisha ramani ya gamma na ramani ya gesi pamoja na ramani ya eksirei, wakakadiria kwamba karibu theluthi mbili za gamma ni za protoni na theluthi moja ni ya elektroni. Hukumu ya namna hiyo haimfurahishi mtu anayetaka jibu moja, lakini nadhani ndiyo inayofanana na kitu halisi: ganda lililo na aina zote mbili za chembe, kila moja iking'aa pale mazingira yanapoiruhusu.

Ushahidi usio na utata ulipatikana kwenye masalia mengine, yasiyo maarufu wala mazuri kutazama. IC 443 na W44 si machanga; yamekwisha kupunguza mwendo na sasa yanagonga mawingu mazito. Pioni ina uzito unaolingana na elektronivolti milioni 135, hivyo ikivunjika ikiwa imetulia kila fotoni inapata milioni 67.5. Hilo linaweka sakafu: mteremko wa gamma za pioni lazima uporomoke ghafla chini ya elektronivolti milioni 200 hivi. Elektroni hazina sababu ya kuporomoka hapo. Satelaiti ya Italia, AGILE, iliuona mporomoko huo kwenye W44 mwaka 2011, na mwaka 2013 Fermi iliuonyesha kwa uwazi katika masalia yote mawili. Protoni zilikuwa zimesema, miaka 79 baada ya pendekezo la Baade na Zwicky.

Goti

Basi kwa nini nilisema ni kweli kwa sehemu?

Ukichora miale ya kosmiki inayofika Duniani, mteremko unashuka umenyooka mpaka kwenye elektronivolti trilioni 3,000 hivi, kisha unapinda na kuwa mkali zaidi. Wataalamu wanaita mpindo huo goti. Tafsiri ya kawaida ni kwamba mitambo ya ndani ya Njia Nyeupe inaanza kuishiwa nguvu hapo. Kama mitambo hiyo ni masalia ya supernova, basi lazima kuwe na masalia yanayofikisha protoni kwenye goti, na protoni hizo zinapogonga gesi zitoe gamma zenye sehemu ya kumi hivi ya nishati yao, yaani trilioni mamia.

Cassiopeia A ilikuwa na sifa zote. Ni changa, nuru ya mlipuko wake ilifika Duniani katika nusu ya pili ya karne ya 17. Wimbi lake bado linakwenda kilomita maelfu kwa sekunde. Sumaku yake ni kali kuliko kawaida, na hilo tunalijua kwa sababu nyuzi za eksirei kwenye ukingo wake ni nyembamba mno: elektroni zinaishiwa nguvu kabla hazijafika mbali, na hilo hutokea tu kama uga umekuzwa. Nadharia inasema chembe zenyewe ndizo zinazoukuza. Zikitoka mbele ya wimbi zinaburuza sumaku na kuivuruga, na vurugu hiyo inazirudisha. Satelaiti ya IXPE, iliyorushwa Desemba 2021, ilipima jinsi mitetemo ya eksirei hizo ilivyojipanga. Katika uga ulionyooka, sehemu kubwa ya nuru ingepangika upande mmoja. Katika Cassiopeia A ni asilimia chache tu. Kwenye ukingo wa masalia ya Tycho ni kama 12, na kwenye ukingo wa SN 1006 zaidi ya 20. Yaani uga wa Cassiopeia A umevurugika kuliko yote matatu, kama ambavyo nadharia ingependa.

Kwa hiyo mtambo ulikuwa na kila kifaa. Mwaka 2017 darubini za MAGIC, kwenye kisiwa cha La Palma, zilitangaza kwamba gamma za Cassiopeia A zinakatika karibu na elektronivolti trilioni 3.5. Protoni zinazolingana na gamma hizo ni za trilioni makumi tu, pungufu ya goti karibu mara mia.

Utetezi ulikuwapo, na ulikuwa wa busara. Masalia yanaweza kufikia kilele cha nguvu zake katika miaka ya mwanzo kabisa, wakati wimbi lina kasi kubwa na linapita katika upepo mzito ambao nyota yenyewe ilikuwa imeumwaga kabla ya kufa. Protoni za goti huzalishwa wakati huo, kisha hutoroka. Ukija kutazama miaka mia tatu baadaye unakuta ganda lina chembe za chini tu, na zile za juu zimekwenda zao. Wazo la kutoroka halikuwa la kubahatisha: mwaka 2008 H.E.S.S. ilionyesha gamma kwenye mawingu yaliyo nje ya masalia ya W28, kana kwamba chembe zimetoka gandani zikaenda kugonga majirani.

Lakini utetezi huo unapimika. Cassiopeia A ni changa kiasi kwamba hata chembe iliyotoka siku ya kwanza kwa kasi ya nuru, bila kupinda popote, haiwezi kuwa imefika zaidi ya miaka ya nuru mia tatu na kitu kutoka katikati. Zote bado ziko jirani. Tazama eneo lote, si ganda peke yake, na hazina pa kujificha.

Kituo cha LHAASO, mkoani Sichuan nchini China, kipo mita 4,410 juu ya usawa wa bahari na kinatumia vitambuzi vilivyotandazwa juu ya eneo linalozidi kilomita moja ya mraba. Mwaka 2021 kilitangaza vyanzo 12 vya gamma zinazozidi elektronivolti trilioni 100 katika Njia Nyeupe, mojawapo ikiwa imetoa fotoni ya trilioni 1,400, kutoka upande wa kundinyota la Cygnus, palipo na kundi kubwa la nyota nzito changa. Kilinasa pia fotoni ya trilioni 1,100 kutoka Nebula ya Kaa, masalia ya mwaka 1054. Hapo niweke angalizo, maana Nebula ya Kaa hutumiwa kila mahali kama picha ya mfano wa masalia ya supernova: gamma zake hazitokani na ganda wala wimbi la mshtuko la mlipuko. Zinatokana na nyota ya nutroni iliyo katikati, inayozunguka karibu mara 30 kwa sekunde na kupuliza upepo wa elektroni. Ni mtambo mwingine kabisa unaokaa ndani ya nyumba ileile.

LHAASO ikaigeukia Cassiopeia A na eneo lililoizunguka. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024 hayakuonyesha gamma za kiwango kile, na kikomo kilichopatikana kinahusu protoni zilizozalishwa wakati wowote tangu mlipuko. Masalia ya aina ya Cassiopeia A, walihitimisha, ni vigumu kuwa ndiyo wagavi wakuu wa chembe za goti.

Kuna njia moja iliyobaki ya kuutetea mtambo huu, nayo ni kuukamata ukiwa kazini, siku chache baada ya mlipuko, kwenye nyota iliyokuwa imejizungushia gesi nzito. Nafasi hiyo ilijitokeza Mei 2023. Koichi Itagaki wa Japani, mtazamaji wa anga asiye mwajiriwa wa taasisi yoyote ya utafiti, aliigundua supernova SN 2023ixf katika galaksi ya M101, miaka ya nuru kama milioni 22 kutoka hapa. Kwa supernova, huo ni ujirani. Nyota ilikuwa nzito na gesi ya kuzunguka ilikuwapo. Fermi ilikuwa inatazama.

Haikuona gamma. Wachambuzi waliporudi kwenye hesabu walikuta kwamba katika siku zile za mwanzo mlipuko ulikuwa umetumia asilimia moja hivi tu ya nishati yake kwa chembe, ilhali ile hesabu iliyokaa vizuri inadai 10. Huenda gesi haikuwa imetanda sawasawa pande zote. Huenda asilimia tisa zilizobaki hulipwa polepole, baadaye, ganda likishakua. Darubini mpya za CTAO zinajengwa La Palma na karibu na Paranal nchini Chile, na miongoni mwa kazi zake ni kukimbilia mlipuko unaofuata wa namna hiyo mara tu utakapotangazwa.